Mkono Uliopanda Sikioni

Mdogo wangu,

Pokea salamu kwa mkono wa kushoto, kwani ndio uliobaki kazini. Mwandiko utauzoea kufikia ukurasa wa pili. Mimi ulinichukua mwaka mzima. Hujambo? Kazi inakwendaje, na ule mgongo uliokuwa ukikukamata kila tulipobeba jokofu, umepona au umekubali tu kuishi nao? Huku hatujambo. Magoti ya mama yanalalamika ingawa mwenyewe halalamiki. Shemeji yako anakusalimu, na safari hii salamu ni zake kweli, si zile nilizokuwa nikikutungia ili barua isionekane fupi. Mimi ni mzima, ukitoa pale unapopajua.

Najua hukuitegemea barua hii. Kwa miaka minne tumeandikiana mara tatu, na mara zote kulikuwa na mtu amefariki. Safari hii hajafa mtu. Nina habari za kukupa, na kama kawaida yangu nitaanza na zile nyepesi.

Nimesikia mama alikwambia kwamba natibiwa kichwa. Ni kweli, ingawa majirani wameielewa wanavyotaka wao, na sasa wakinisalimia wanasema polepole na kwa sauti ya juu. Miezi minane iliyopita madaktari walinifungua fuvu wakaweka vibati viwili, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vyenye visindano vyembamba kuliko vinyweleo. Kimoja kimekaa pale ubongo unapotolea amri za mkono. Cha pili kimekaa pale habari za kugusa zinapofikia. Utosini nimebakiwa na kitufe cha chuma chenye tundu la kuchomekea waya. Nyumbani navaa kofia. Mama hunitaka niivue mbele ya wageni kwa adabu, akikiona kitufe hunitaka niivae upesi.

Mkono wenyewe hauji nyumbani. Unakaa maabara, umefungwa kwenye kiti upande wa kulia, nami nikikaa unaanzia pale wangu ulipoishia. Una kiwiko, kifundo na vidole vitano, na ncha ya kila kidole ina kihisio kilichofunikwa kwa mpira. Nikiwaza kukunja, unakunja. Kitu kikiugusa, umeme mdogo unapita kwenye waya mpaka kichwani na mimi nahisi. Nilitaka kukueleza vizuri zaidi, lakini nimewasikia wahandisi wakijaribu kuelezana wenyewe, na wao pia hukimbilia kuchora.

Maabara ni chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka ya hospitali. Siku za unyevunyevu bado kinanuka sabuni. Sakafu ina mteremko wa kupeleka maji kwenye shimo lililo katikati, kwa hiyo kitu chochote cha mviringo kikidondoka hukifuati, unakiaga. Mhandisi anayenishughulikia amepoteza kalamu zake zote humo. Siku hizi anatumia penseli bapa, kama zile zetu za kuchorea mbao, kwa kuwa hazibingiriki.

Mhandisi huyo ni msichana mdogo kwako kwa miaka kadhaa. Jina lake analo, lakini sisi tunamwita Bi Tena. Ukifunga mkono, anasema tena. Ukifungua, tena. Siku niliyopiga chafya na mkono ukapiga meza, aliandika kitu, akaniuliza kama naweza kupiga chafya tena. Sisi ni mimi na mzee mmoja tunayemwita Winchi, aliyeendesha winchi ya ujenzi miaka thelathini huko juu bila kuanguka, kisha akateleza bafuni kwake. Hana nguvu kuanzia shingoni kwenda chini. Yeye ana mkono wake mezani, na anasema katika maisha yake yote ndiyo mashine ya kwanza kumtii bila yeye kumtukana mtu.

Mwezi wa kwanza tulifundisha mashine. Unaonyeshwa mkono kwenye skrini. Ukifunga, nawe unajaribu kufunga ule usio nao, na kompyuta inasoma vile visindano na kukariri. Mkono nisio nao, mdogo wangu, upo. Unawasha siku za baridi. Niliufunga na kuufungua mara elfu kadhaa mpaka kompyuta ikajua kufunga kwangu kukoje, kufungua kukoje, kupandisha kiwiko na kushusha. Siku mkono wa chuma ulipoinua kikombe kitupu na kukirudisha mezani, Winchi aliniambia kwa kasi hiyo chai ingekuwa imekwisha kuwa barafu.

Kisha likaja somo la kugusa. Unafungwa kitambaa machoni, Bi Tena anagusa kidole, unataja ni kipi. Dole gumba nalihisi kama bomba linalovuja tone moja moja, kwa ndani. Kidole cha shahada kinakuja kama mkono uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Cha kati ni joto tu, lakini joto lenye mahali pake. Bi Tena ana mtego: mara nyingine hagusi kabisa, anauliza tu. Watu wanaotaka kumfurahisha husema ndiyo, nimehisi. Mimi kila asipogusa nilimwambia sihisi kitu. Mara ishirini kati ya ishirini. Akanisifu mbele ya daktari kwamba mimi ni mtu mkweli. Sifa hiyo niliipokea bila kupepesa jicho.

Sasa nashuka kwenye habari nzito.

Bi Tena aliniambia kwamba mashine inapenda kitendo ambacho mwili unakikumbuka wenyewe, bila mtu kuusukuma. Akanitaka nichague mzigo mmoja niliowahi kubeba, niubebe tena kichwani kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mkono uachwe ufuate. Nilikuwa na mizigo ya kuchagua. Vitanda, majokofu, na ile piano ambayo mpaka leo sijui iliingiaje ndani ya ile nyumba. Nikachagua kabati. Unajua kabati gani. Na sababu ni kwamba nilitaka mashine ishuhudie kuwa nililishika.

Kisa chenyewe unakijua, lakini nakirudia kama nilivyokuwa nikikisimulia mimi, kwa sababu barua hii ina nakala mbili na wengine watakaoisoma hawakuwepo. Tulikuwa tunashusha kabati la milango mitatu, kioo mlango wa katikati, kutoka ghorofa ya pili. Wewe juu, mimi chini narudi kinyumenyume. Tulipofika kwenye kona ukaachia. Kabati likanijia, mkono wangu wa kulia ukabanwa kati yake na ukuta. Mwenye kabati alisikia kishindo akatoka, akakukuta umesimama juu na mikono mitupu. Mikono mitupu ile ndiyo iliyokuhukumu, hakuna aliyeuliza zaidi. Kabati lilipata mkwaruzo mmoja. Kioo hakikupata hata ufa.

Baada ya hapo hakuna fundi aliyekukubalia kushika upande wa pili wa kitu. Wakakupa jina la Achia, na wapita njia wakalidaka. Ukipita na mfuko wa sokoni mtu anakupigia kelele kutoka barazani, we Achia, angalia usije ukaangusha nyanya. Ukahama mji, ukaenda kulinda ghala, kazi ambayo mtu hashiki chochote isipokuwa funguo. Mimi nilikuwa nikisikia hayo yote nikiwa nimekaa, bandeji begani, napepewa.

Basi, siku hiyo maabara nikafumba macho na kubeba kabati. Mkono ukafunga vizuri, kifundo kikakaza. Nikawa nashuka, nahesabu ngazi kichwani. Kwenye ngazi ya tisa vidole vikafunguka. Kiwiko kikajikunja, mkono ukapanda mpaka sikioni kwangu ukasimama hapo, vidole vitatu vimekutana ncha kwa ncha. Winchi akaniambia nipokee simu, huenda ni nyumbani wanauliza kama nimekula.

Bi Tena akasema tena. Nikabeba tena, ukapanda tena. Mara saba, na mara zote saba kwenye ngazi ya tisa. Akadhani ni waya, akabadilisha waya. Akadhani ni kiwiko, akakifungua na kukifunga. Akaniuliza nabeba nini, nikamwambia kabati. Akauliza kama mtu akibeba kabati huwa anajikuna sikio. Nikasema labda palikuwa na mbu. Ulitoka laini kabisa uongo ule, ulikuta njia imekwisha kupitwa. Akaandika kwenye daftari lake kuwa mkono unaachia ngazi ya tisa, chanzo hakijulikani, na kila juma akanirudisha kwenye kabati lile lile kwa kuwa wahandisi hawawezi kulala na kitu kisichojulikana chanzo.

Juma lililopita, Jumanne asubuhi, akaja mgeni. Mzee mrefu, kofia ya kitambaa, viatu vya matope ambavyo alivivua mlangoni bila kuambiwa, daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Shemeji yako ndiye aliyemwelekeza. Akajitambulisha kuwa yeye ni mpima ardhi, na kwamba ana binti, na binti huyo na wewe mnataka kuoana. Mimi nilikuwa sijui. Nilisikia habari ya uchumba wa ndugu yangu kutoka kwa mtu aliyesimama kwa soksi.

Nikupe maneno yake kama alivyoyasema. Alisema wewe unampendeza. Hunywi kupita kiasi, unajibu ulichoulizwa, na ulimtengenezea mguu wa meza yake ya kuchorea bila kuombwa. Lakini watu wa huku walimfikishia kwamba ulimwachia kaka yako mzigo ukamkata mkono. Yeye hampi binti yake mtu wa namna hiyo, na binti huyo hajawahi kwenda kinyume cha neno la baba wala hana nia ya kuanza. Alikuuliza wewe mwenyewe. Ulichomjibu, alisema, ni kwamba amuulize kaka. Hukuongeza neno. Alieleza kwamba katika kazi yake mtu hapimi kiwanja kwa kusimama kona moja, na ndiyo maana amepanda basi saa sita kuja kona ya pili. Kisha akafungua daftari, akangoja.

Nilikuwa na nafasi, mdogo wangu. Nafasi pana, yenye mchana na shahidi. Nikamsimulia kisa kile kile. Wewe juu, mimi chini, kwenye kona ukaachia. Nilikisimulia kwa upole, nikatia na huruma kidogo, nikasema ulikuwa kijana na ulikuwa umechoka. Nilikuwa najisikiliza nikiongea nikaona kweli naongea vizuri.

Nilisahau jambo moja. Bi Tena alikuwa amekwisha kunichomeka kwa ajili ya kazi ya asubuhi. Nilipofika kwenye maneno ya kona, mpima ardhi aliacha kuniangalia mimi. Mkono ulikuwa umefunguka na kupanda, uko sikioni, vidole vitatu vimekutana. Akauliza huo unafanya nini. Nikamwambia bado unajifunza. Akaukazia macho kwa muda, kama mtu anayesoma kipimo ambacho hakukitarajia, lakini kipimo hicho hakikuwa cha fani yake. Akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, akanishukuru. Alisema ni jambo la kusikitisha kwani alikuwa ameshaanza kukuzoea. Akavaa viatu vyake, akaondoka.

Bi Tena alikuwa nyuma yangu muda wote. Safari hii hakutoa lile tena lake. Alizunguka akaja mbele ya mkono, akainama, akaangalia vile vidole vilivyokutana kama mtu anayeangalia tundu la ufunguo. Kisha akatoa ile penseli yake bapa mfukoni na kuipenyeza katikati.

Vidole vikafunga. Taratibu, kwa nguvu ya penseli hasa, si ya kikombe wala ya kabati. Nikaihisi. Tone kwenye dole gumba, ganzi inayoamka kwenye shahada, joto kwenye cha kati, na kati yao kitu bapa, chenye kingo. Mkono ukashuka wenyewe ukatulia pajani, kama mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. Bi Tena akasema, bila sauti kubwa, kumbe ulikuwa unataka hii.

Nilimwomba anichomoe haraka nimkimbilie yule mzee. Akasema umeme unazimwa kwa hatua, dakika nne, na nikivuta waya nitavuta na vingine ambavyo havikuwekwa ili vivutwe. Nikakaa dakika nne, nimechomekwa ukutani kama pasi. Nilipofika getini, mlinzi aliniambia mwenye viatu vya matope ameshapanda gari na kwenda zake.

Basi sikia sasa, na hili halina upole wala mapambo. Penseli yangu nilikuwa nimeichomeka nyuma ya sikio la kulia, unajua kawaida yangu. Kwenye ngazi ya tisa jasho liliitelezesha. Nikaachia kabati nikaidaka. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Upande wa kulia ukashuka ghafla, kabati likajipinda, na lilivyojipinda lilikuchomoka vidoleni. Hakuna mtu mwenye vidole angeweza kulishika. Uliachia baada yangu. Baada yangu, na kwa sababu yangu. Nikarudisha mkono kulizuia, nao ukabaki ukutani, penseli ikiwa ndani ya ngumi.

Wewe uliona. Kwenye ukumbi wa hospitali uliniinamia ukasema, kaka, uliinua mkono. Nikakujibu usiniongezee maumivu. Hukulisema tena neno hilo, wala kwangu wala kwa mama wala kwa wale wa barazani waliokuita Achia. Nimekuwa nikijiuliza kama ulinyamaza kwa heshima au ulifika mahali ukaanza kuniamini mimi kuliko macho yako. La pili ndilo linaloniogopesha.

Usidhani nilisahau mpaka mashine iliponikumbusha. Muuguzi alimpa shemeji yako mfuko wenye saa yangu, mkanda na penseli. Nilimwambia aitupe hiyo penseli. Akaitupa. Alipotoka niliiokota kwenye pipa kwa mkono wa kushoto, ilikuwa kazi ya kwanza ya mkono huu, nikaja kuificha chini ya sanduku la vifaa. Asiyejua alichofanya hana haja ya kuficha penseli. Sikudanganya kila siku kwa miaka minne. Nilidanganya siku moja, siku zilizobaki nilinyamaza tu nikauacha uongo ujitegemee, nao ulipata watu wengi wa kuulisha.

Nilimsomea shemeji yako barua hii kabla ya kuifunga. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anakunja nguo. Kisha aliniambia nimtolee hiyo penseli aione. Akaishika, akaigeuza, akasema yeye na mimi tutazungumza, lakini kwanza niende posta. Ndiyo maana nilirudi ukurasa wa kwanza nikaandika kwamba salamu zake ni za kweli. Nilimuuliza niongeze nini. Akasema nikuandikie kwamba anakuomba radhi kwa ile siku uliyokuja kuniona akakuzuia mlangoni. Mimi sikujua kuwa uliwahi kuja.

Nakala ya kwanza nimempelekea mpima ardhi, na juu yake nimeandika kwamba hii ndiyo kona ya pili, ile ya Jumanne aifute. Nakala nyingine nitamsomea mama mwenyewe Jumapili, nikiwa nimevua kofia. Nitakwenda pia barazani. Kule sina haja ya karatasi.

Sikuandikii ili uje wala ili unijibu. Umeshanibebea vya kutosha. Kama mtaoana na ukaona siku hiyo si mahali pangu, nitaelewa, na nitamweleza mama mwenyewe ili usipate kazi hiyo pia.

Jana Bi Tena alinichomeka na mimi nikalibeba kabati tena, kwa hiari yangu. Nilitaka kuona kama sasa, baada ya kuyasema, nitalishika mpaka chini. Mkono uliachia ngazi ya tisa ukapanda sikioni. Alisema ubongo hauna habari kwamba mtu ameandika barua. Amenitaka nichague mzigo mwingine kabisa, na ule wa kabati ametia kwenye daftari kuwa chanzo kimejulikana.

Nisalimie huyo binti, kama bado nina ruhusa ya kumsalimu. Mwambie baba yake anapima vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye jiwe la mpaka alilopimia, yaani mimi. Lala salama, utunze mgongo wako.

Humu ndani ya bahasha utakuta penseli. Alama za meno ni zangu, utazijua. Imebaki nusu. Usiichonge.

Ni mimi kaka yako,
niliyekuwa upande wa chini.